Wazazi wa Kichina, Watoto Wao na Ngazi ya Maisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wazazi wa kila nchi hujinyima ili watoto wao wawazidi. Kwa nini basi jambo hili linazungumzwa sana kuhusu China?

Kwa sababu ya kasi yake. Mwaka 1978, katika kila Wachina 100 ni 18 tu walioishi mijini. Mwaka 2023 walikuwa 66. Kwa hiyo zipo familia nyingi sana ambamo babu alilima mpunga kwa plau na nyati wa kufugwa, baba akawa kibarua wa ujenzi au fundi wa kiwandani, na mjukuu leo anaandika programu za kompyuta na kuishi ghorofa ya 20 katika jiji ambalo babu alilisikia redioni tu. Safari ambayo kwingineko iliwachukua watu vizazi vinne au vitano, huko imekamilika ndani ya umri wa mtu mmoja, na wote watatu bado wako hai, wanakula meza moja siku ya mwaka mpya.

Jambo la pili, ambalo majibu mengi hapa chini yatalirudia, ni kwamba kupanda kwa mtoto huko ni mradi wa nyumba nzima, wenye mtaji wake, mgawanyo wake wa kazi na madeni yake. Umbali unaozuka baadaye kati ya mzazi na mtoto watu huueleza kwa haraka kuwa ni utovu wa shukrani wa mtoto au ukali wa mzazi. Mimi nauona zaidi kuwa ni dalili ya mradi kufanikiwa: mtoto aliambiwa tangu utotoni aende mbali, naye akaenda.

Elimu ilipataje kuwa ndiyo ngazi yenyewe?

Mitihani ya kuwateua maofisa wa dola ilidumu China kwa takribani miaka 1,300, tangu enzi ya nasaba ya Sui hadi ilipofutwa mwaka 1905. Wengi waliofaulu walitoka katika koo zilizokuwa na ardhi na walimu wa nyumbani, lakini wachache waliotoka katika umaskini walitosha kuijenga imani kwamba kalamu inaweza kumtoa mtu matopeni. Imani hiyo ilirithiwa na gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, uliosimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong iliyoanza mwaka 1966, na kurejeshwa mwaka 1977. Desemba ya mwaka huo watu milioni 5.7 hivi waliufanya, nao waliopata nafasi walikuwa takribani 270,000, yaani chini ya watano katika kila 100.

Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa milioni 13.42. Tangu mwaka 1999 serikali imepanua vyuo kiasi kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa rika husika sasa huingia elimu ya juu. Lango limekuwa pana, ila ushindani haukupungua, umehama tu. Zamani mzazi aliomba mwanawe aingie chuoni, leo anauliza ni chuo gani.

Hukou ni nini, na inaingiaje kati ya mzazi na mtoto wake?

Hukou ni usajili wa kaya uliowekwa kisheria mwaka 1958. Humfunga raia na mahali fulani, na kwa miongo mingi uliwagawa watu katika makundi mawili, wa kilimo na wasio wa kilimo. Nafasi ya shule ya serikali, bima ya matibabu na malipo ya uzeeni vilifuata usajili huo hata kama mtu aliishi na kufanya kazi kwingine kwa miaka 20. Miji midogo imelegeza masharti, lakini Beijing na Shanghai bado ni ngome.

Matokeo yake kwa familia ni rahisi kueleza na magumu kuyaishi. Mwaka 2023 wafanyakazi waliotoka vijijini walikaribia milioni 300. Baba na mama wa mikoa ya ndani kama Sichuan au Henan huenda kufanya kazi katika viwanda vya mikoa ya pwani kama Guangdong au Zhejiang, na mtoto hubaki na bibi. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria kwamba watoto wa vijijini walioachwa namna hiyo walizidi milioni 61. Hata wazazi waliofanikiwa kwenda na mtoto mjini kwa kawaida hulazimika kumrudisha akifika miaka 14 au 15, kwa kuwa gaokao mara nyingi hufanywa katika mkoa wa usajili na silabasi hutofautiana.

Kwa mzazi wa namna hii, kuondoka ndiko kulea. Kila yuan anayotuma ni ada, ni sare, ni tofali la nyumba mpya kijijini. Kwa mtoto, anayelea ni yule anayempikia, na wapo watoto wanaomwita bibi "mama" na kumwamkia mama kwa aibu kama mgeni. Mama anarudi mwaka mpya baada ya saa 30 za treni akiwa na koti jipya. Mtoto akilivaa, linambana mabegani, kwa sababu mama amelinunua kwa kukumbuka mwili wa mwaka jana. Mtoto husema linamtosha. Wote wawili wanajua halimtoshi.

Kwa nini inasemekana wazazi waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960 waliweka kila kitu juu ya mtoto mmoja?

Kwa sababu historia iliwachukulia kwanza elimu, kisha idadi ya watoto, kisha ajira. Shule zilivurugika tangu Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, na vijana wa mijini wapatao milioni 17 walipelekwa mashambani kati ya miaka ya 1960 na mwisho wa ile ya 1970. Walipoanza kuoa na kuolewa, wakaikuta sera ya mtoto mmoja, iliyoshika kasi mwaka 1980 na kudumu hadi mwisho wa mwaka 2015. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, mashirika ya umma yakapunguza mamilioni ya wafanyakazi, hasa waliokuwa na umri wa miaka 40 na ushee wasio na cheti chochote cha kuwatetea.

Hebu mfikirie mwanamke aliyekuwa akipandikiza mpunga akiwa na miaka 16 badala ya kujifunza hesabu, akapunguzwa katika kiwanda cha nguo akiwa na miaka 43, na nyumbani ana mtoto mmoja tu. Mtoto huyo ni watoto wake wote. Ni sawa na mkulima mwenye shamba moja lisilo na jirani: likikosa mvua, hakuna pa kuhemea. Vijijini mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwani kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mikoa mingi iliruhusu mtoto wa pili iwapo wa kwanza alikuwa wa kike, na ruhusa hiyo yenyewe ilimwambia binti mengi kuhusu thamani yake.

Neno "xiao" lina maana gani hasa?

Watu hulitafsiri kuwa utiifu kwa wazazi, nayo ni tafsiri finyu. Neno letu la "radhi" linakaribia zaidi, kwa sababu nalo linabeba hofu ya kuondoka duniani ukiwa na deni kwa aliyekuzaa. Lakini radhi hutolewa na mzazi, ilhali xiao hutekelezwa na mtoto. Herufi yake huandikwa kwa sehemu ya neno "mzee" juu na neno "mtoto" chini. Mtu anaweza kuisoma picha hiyo kuwa mtoto amembeba mzee, na anaweza kuisoma kuwa mzee amemkalia mtoto. Nadhani familia nyingi huzisoma zote mbili katika siku moja.

Ndani ya xiao mna mambo kadhaa: kuwatunza wazazi wakizeeka, kuwasikiliza, kuwaletea sifa, kuendeleza ukoo, na kufagia makaburi yao wakati wa sikukuu ya Qingming, mwezi wa Aprili. Katika kijiji cha zamani mambo haya yaliishi pamoja bila kugombana, kwa kuwa mwana aliyebaki shambani aliyatimiza yote akiwa hapohapo. Kupanda ngazi kunayatenganisha. Anayeleta sifa sharti aondoke. Anayetunza sharti abaki. Mtoto hawezi kuwa katika jiji la mbali la Shenzhen na kitandani pa mama yake kwa wakati mmoja, na kila analochagua ni xiao kwa upande mmoja na kasoro kwa upande wa pili. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili lote.

Ni kweli kwamba wazazi wa Kichina hawawaambii watoto wao kuwa wanawapenda?

Wengi wa umri mkubwa hawasemi, na wakilazimishwa husema kama mtu anayevaa nguo ya kuazima. Huuliza kama umekula. Mama amegombana na mwanawe kuhusu alama za hesabu, mlango umebamizwa, na baada ya nusu saa mlango unafunguliwa bila hodi na sahani inawekwa mezani: tofaa lililomenywa na kukatwa vipande, limechomekwa vijiti vya meno. Hakuna neno linalosemwa. Huo ndio msamaha, pande zote mbili zinaelewa. (Likiwa tunda la peasi haligawanywi, kwa kuwa "kugawana peasi" kwa Kichina hutamkwa sawa na "kutengana".)

Upande wa pili wa sahani hiyo ni ulimi. Kijana wa Kichina hukua akilinganishwa na "mtoto wa watu", yule asiye na jina, anayefaulu kila somo, anayeamka bila kuamshwa na ambaye mama yake hana malalamiko. Sifa hazitolewi kwa uso, kwa hofu kwamba zitamlegeza. Mtoto husikia kwa jirani kwamba baba yake hujivunia naye, na hulisikia jambo hilo akiwa na miaka 30.

Mama anayehamia karibu na shule kwa ajili ya mtihani ni jambo la kawaida?

Ni la kawaida kiasi cha kuwa na jina lake, "mama wa kusindikiza masomo". Mji mdogo wa Maotanchang, mkoani Anhui, unaishi kwa kazi hiyo. Shule yake ya sekondari huchukua maelfu ya wanafunzi, wengi wao wakiwa wanarudia gaokao, na wazazi hupanga vyumba vidogo kuizunguka. Saa ya chakula cha mchana akina mama na mabibi husimama langoni na vyombo vya chakula vya ngazi tatu, mtoto anakula haraka, mama anatazama. Mtihani huanza tarehe 7 Juni. Asubuhi hiyo, kote nchini, utawaona akina mama wamevaa qipao, gauni la kubana la kizamani, kwa sababu jina lake linafanana kwa sauti na msemo wa kushinda mara tu bendera inapokunjuliwa.

Mtu wa nje huona upendo au huona wazimu, kutegemea moyo wake. Ninachokiona mimi ni mama aliyeacha kazi na mume kwa mwaka mzima, na ambaye sasa hana habari nyingine ya kumuuliza mwanawe isipokuwa alama. Mazungumzo yao yamepungua hadi kufikia tarakimu. Mtihani ukiisha, wengine hugundua kwamba hawajui wazungumze nini.

Mtoto akishatoka kimaisha, ni nini hasa hubadilika nyumbani?

Kwanza hubadilika lugha. Mzazi wa Wenzhou, wa Chaoshan au wa milima ya Hunan huongea lugha ya kwao. Mtoto amesoma, ameshindana na amependa kwa Kichina sanifu. Akirudi bado anaielewa lugha ya nyumbani, lakini maneno ya kazi yake, ya maradhi ya moyo wake na ya ugomvi na mkubwa wake ofisini hayamo humo. Baba akiulizwa na majirani kijana wake anafanya nini, hujibu kwamba yuko kampuni kubwa, anafanya kazi kwenye kompyuta. Anasema kwa fahari kamili na hajui zaidi ya hapo.

Pili, huzaliwa adabu ya kufichana. Wachina wana msemo wa kupeleka habari za furaha na kuzuia za huzuni, nao hutumika kwa pande zote mbili. Mtoto hasemi kwamba amepunguzwa kazini. Mzazi hasemi kwamba alilazwa wiki mbili. Nia ni njema kabisa, lakini ukiirudia miaka kumi unapata familia ambayo kila mmoja anaishi na picha ya mwenzake iliyopigwa zamani. Programu ya WeChat, iliyotoka mwaka 2011, imeizidishia adabu hiyo vifaa: mama hutuma katika kundi la familia makala za hatari ya kunywa maji baridi, mtoto hujibu kwa kikatuni cha kuinamisha kichwa, kisha huweka picha za maisha yake halisi akiwa ameziba njia ili wazazi wasizione.

Tatu, ushauri wa mzazi hupoteza thamani sokoni wakati mamlaka yake bado yako palepale. Mzazi aliyeyaona mashirika yakiporomoka anaamini katika kazi ya serikali, nyumba, na ndoa kabla ya miaka 30. Mtoto anaona mawaidha hayo kama ramani ya mji uliobomolewa. Lakini haiwezekani kumwambia hivyo mtu aliyeuza nguruwe wake ili ulipe ada, na hasira isiyoweza kusemwa mezani hutafuta mahali pengine. Mwaka 2008 lilianzishwa katika mtandao wa Douban kundi lenye jina kali lililowaita wazazi balaa, nalo lilivuka wanachama 100,000. Wengi walioandika humo walikuwa vijana wasomi, na malalamiko yao yalichanganyika na hatia kiasi kwamba ni vigumu kujua aya inaishia wapi kuwa shutuma na kuanza kuwa kuomba radhi.

Nne, na hili halionekani mpaka uwepo siku ya kuondoka. Likizo ya mwaka mpya ina mtiririko wake: siku tatu za kwanza mtoto ni mfalme, siku ya nne anaulizwa kuhusu uchumba, siku ya tano wanagombana, siku ya saba anaondoka. Asubuhi hiyo buti la gari hujazwa. Soseji zilizokaushwa kwa moshi, mboga zilizotoka bustanini alfajiri, mafuta ya karanga katika chupa za soda, mayai mia yaliyozikwa ndani ya pumba ili yasivunjike. Mtoto anajua kwamba mayai yanauzwa chini ya jengo lake, na mama anajua kwamba mtoto anajua. Anayakubali, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho ambacho mama bado anacho na mtoto hana.

Pesa hupanda kwa wazazi au hushuka kwa watoto?

Kanuni ya zamani ilisema mtoto ndiye akiba ya uzee. Siku hizi mkondo mkubwa unashuka. Yan Yunxiang, mwanaanthropolojia aliyeitafiti kwa miaka mingi familia ya Xiajia, kijiji cha mkoa wa Heilongjiang alichowahi kuishi akiwa kijana, ameeleza jinsi rasilimali, uangalizi na hata maana ya maisha vilivyoacha kuwaelekea wazee na mababu, vikaanza kumwelekea mjukuu.

Nyumba ndiyo iliyogeuza mkondo. Mwaka 1998 serikali iliacha kugawa nyumba kwa wafanyakazi wa mijini, na bei zilizofuata hazikuendana na mshahara wa kijana. Watu wakaanza kusema kwamba nyumba moja hununuliwa kwa pochi sita, za wazazi na za mababu na mabibi. Anayelipiwa malipo ya awali na baba yake hawezi kumwambia baba asiingilie rangi ya mapazia, wala idadi ya wajukuu. Vijijini, ambako mahari imepanda na familia ya mwanamume hutarajiwa kuwa na nyumba mjini, wapo wazazi wa miaka 60 wanaoendelea kubeba zege kumalizia deni la harusi ya mwana.

Wakati huohuo uzee wenyewe haukungoja. Mpango wa malipo ya uzeeni kwa wakazi wa vijijini ulianza mwaka 2009, na kiwango cha chini cha taifa kilipopandishwa mwaka 2024 kilifikia yuan 123 kwa mwezi. Mstaafu wa kampuni mjini hupata maelfu. Hivyo mzazi mkulima amemkopesha mwanawe kila kitu na bado anamhitaji, na aibu ya kuomba humzuia kusema.

"Mwanamume feniksi" ni nani?

Ni jina la kejeli kwa mwanamume aliyetoka kijijini, akasoma, akaoa mjini. Wachina hutamani mwana awe joka na binti awe feniksi, ndege wa fahari wa hadithi. Hapa ndege huyo ameruka kutoka kwenye banda la kuku. Malalamiko dhidi yake husemwa na familia ya mkewe: kwamba hufungua mlango kwa kila binamu anayekuja kutibiwa, kwamba mama mkwe amekuja kwa wiki mbili na amekaa miaka miwili.

Kwa maoni yangu jina hilo halimtendei haki. Ndugu zake waliacha shule ili yeye aendelee, na dada yake alituma mshahara wa kiwandani. Mkewe, mtoto pekee wa wafanyakazi wa mjini, aliambiwa utoto mzima kwamba yeye ndiye mwisho wa matumizi yote. Wameletwa pamoja watu waliofundishwa hesabu mbili, mmoja anaamini mshahara ni wake na mwingine anaamini ni wa wote waliomtuma.

Mabinti nao?

Mjini, sera ya mtoto mmoja iliwapa mabinti kitu ambacho hakuna aliyekikusudia: walipewa ada, vinanda na matumaini yaliyokuwa ya wavulana, kwa kuwa hapakuwa na mvulana wa kupewa. Wengi wanaelewana na mama zao kwa ukaribu ambao bibi zao wasingeuamini. Kijijini, binti mkubwa mwenye mdogo wa kiume bado hutarajiwa kumvuta juu, kulipia nyumba yake na kusubiri. Kuna jina la dharau kwa dada wa aina hiyo, "jini la kumbeba mdogo wake", na ni jambo la kushangaza kwamba dharau imemwangukia yeye anayelipa.

Wazazi waliokwisha kupanda wanasumbuliwa na nini?

Na hofu ya kushuka. Baba aliyetoka kijijini kwa gaokao ya miaka ya 1980 au 1990 alipanda katika ngazi iliyokuwa na nafasi tupu juu yake. Mwanawe anaanzia juu, na kutoka hapo upande ulio wazi zaidi ni wa chini. Katika wilaya ya Haidian, Beijing, yenye vyuo maarufu, wazazi wasomi waliwapa watoto wao jina la utani la "watoto wa damu ya kuku", kutokana na tiba ya kudungwa damu ya kuku iliyovuma miaka ya 1960 ikidaiwa kumtia mtu nguvu. Tuisheni ilianza kabla ya darasa la kwanza, na vyumba vikuukuu viliuzwa kwa bei ya kasri kwa sababu viko katika mtaa wa shule nzuri.

Julai 2021 serikali ilipiga marufuku kampuni za tuisheni kujipatia faida kwa masomo ya msingi ya shule, ikisema inawapunguzia mzigo watoto na wazazi. Hofu haikupigwa marufuku, kwa hiyo walimu walihamia majumbani kwa siri na ada ikapanda kwa wale wanaoweza kuilipa. Uhusiano wa nyumbani katika tabaka hili una ajabu yake: baba ambaye mwenyewe alichapwa kwa kiboko anasoma makala za malezi ya upole, anazungumza na mtoto kama rafiki mpaka saa mbili usiku, kisha daftari la mazoezi linafunguliwa na sauti ya babu inatoka kinywani mwake.

Ngazi ikikwama, nini hutokea?

Juni 2023 ukosefu wa ajira mijini kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 ulifikia asilimia 21.3, na takwimu hizo zikasitishwa kwa miezi kadhaa hadi zilipotolewa upya kwa hesabu tofauti. Vijana walikuwa wameshaanza, tangu mwaka 2021, kuzungumza kuhusu "kulala chali", yaani kuacha kushindania vitu ambavyo havipatikani. Mwaka 2023 likaja jina la "watoto wa muda wote", wahitimu waliorudi nyumbani na kulipwa na wazazi kwa kupika, kuwapeleka hospitali na kuwapa kampani.

Wazee wengi hukasirika kwa haya. Hata hivyo, tazama kinachotokea: pengine kwa mara ya kwanza tangu shule ya msingi, mzazi na mtoto wanakwenda sokoni pamoja siku ya Jumanne. Upande wa xiao uliosahaulika, ule wa kuwepo, umerudi kwa mlango wa kushindwa, na hakuna anayejua aufurahie au auonee haya.

Je, sheria inaingilia mahusiano haya?

Ndiyo. Sheria ya kulinda haki za wazee iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013 inawataka wanafamilia wanaoishi mbali na wazee kuwatembelea au kuwajulia hali mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama moja ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti amtembelee mama yake angalau mara moja kila miezi miwili. Sijui mtu anapika chakula gani kwa mgeni aliyeletwa na hukumu.

Je, Wachina tunaowaona Afrika Mashariki wamo katika habari hii?

Wamo baadhi yao. Msimamizi wa ujenzi wa barabara anayeishi kambini kwa mkataba wa miaka miwili, akiongea na mwanawe kwa simu ya video usiku wa Dar es Salaam ambao kwa mtoto ni alfajiri ya kwenda shule, anafanya kwa masafa marefu zaidi kile ambacho wazazi wa Henan wamefanya kwa kwenda Guangdong. Wenyewe huita "kula uchungu", na huamini uchungu ukiliwa na baba hautaliwa na mtoto.

Wazazi wanaozeeka huishia wapi?

Wengi hufuata mjukuu. Mama aliyebaki kijijini huitwa mjini mtoto anapozaliwa, kwa kuwa mume na mke wote wanafanya kazi na hakuna mahali pa kumwacha mtoto mchanga, na watu kama yeye wamepewa jina la "wazee wanaoelea". Mara nyingi baba hubaki nyuma na kuku na shamba, kwa hiyo wenzi waliooana miaka 40 hutengana uzeeni ili ndoa ya mwana isimame. Mama halali chumba chake, hajui majirani, bima yake ya matibabu iko mkoa mwingine, na mkaza mwana amemwomba kwa heshima asimlishe mtoto kwa kijiko alichokwisha kukitia mdomoni.

Mtu anayezungumza naye kutwa ni mjukuu. Lakini mjukuu anajifunza Kichina sanifu na nyimbo za Kiingereza, na wazazi wamemsihi bibi asiongee naye lugha ya kwao ili matamshi yake yasiharibike kabla ya usaili wa shule ya awali. Kwa hiyo bibi humsukuma katika kigari bustanini akitafuta maneno ya lugha aliyoijua kwa kuisikia redioni tu, anayapanga polepole, na mtoto wa miaka mitatu anamsahihisha.